Word, LibreOffice, InDesign au Affinity: ipi imfae nani anayepanga kurasa Nyanda za Juu Kusini

Katiba za vikundi zina ugonjwa mmoja. Kifungu cha sifa za mwanachama kinaanza vizuri: (a) awe mkazi wa kata, (b) awe ametimiza miaka 18, kisha inafuata © asiwe na deni katika kikundi kingine, (d) awe na akili timamu, na mwisho € awe tayari kuhudhuria vikao. Karani alichapa mabano, c, mabano. Word ikadhani anataka alama ya hakimiliki, ikampa. Alipofika kwenye e ikampa alama ya fedha ya Ulaya. Katiba ikapita mkutano mkuu, ikagongwa mhuri, na hakuna aliyeshtuka.

Mtaa wa pili, tuseme pale Uhindini, Mbeya, kuna fundi wa kadi mwenye shida iliyo kinyume kabisa. Mteja ameleta kadi ya mfano ambayo jina la bibi harusi lina herufi zenye mikia mirefu inayoning'inia. Fonti ni hiyohiyo, fundi anayo, ameshaiweka kwenye kompyuta. Akiandika jina, linatoka kavu, bila mkia hata mmoja. Fonti haina kosa. Programu yake ndiyo haijui kuiomba mikia.

Shida hizi mbili hutiwa kapu moja, zikaitwa "mambo ya fonti", na watu wakichagua programu huuliza tu ipi ni nzuri. Mimi nazitenganisha, kwa sababu hazifanani hata kidogo. Sifa ya fonti hubadilisha sura ya herufi bila kuigusa herufi yenyewe. Ukiizima, maandishi yapo vilevile. Lakini programu inapokugeuzia maandishi, imetoa herufi uliyoandika na kuweka nyingine, na hiyo nyingine itasafiri: utaituma kwa WhatsApp, utaifungua kwenye mashine ya mchapaji, utaibandika kwenye barua pepe, © itabaki ©. Kwa hiyo kila programu hapa chini naiuliza maswali mawili: inaweza kuamsha nini kilicholala ndani ya fonti, na inapotaka kugeuza maandishi inakupa usukani kiasi gani?

Kazi ninazozifikiria ni zile zinazopita kwenye stesheni (maduka ya vifaa vya ofisi na uchapaji) na ofisi ndogo za kupanga kurasa kuanzia Mbeya hadi Iringa, Tukuyu na Njombe zikiwemo: katiba za VICOBA na AMCOS, mitihani ya kutolewa kwa risografu (mashine ya kudurufu), ratiba za ibada, wasifu wa marehemu, kadi za michango, tasnifu za wanafunzi wa vyuo vya MUST, TEKU, Mkwawa na RUCU, na mara mojamoja kitabu kamili cha mashairi au cha historia ya ukoo.

Kilicholala ndani ya fonti

Fonti za leo nyingi ni za mfumo wa OpenType, ambao Microsoft na Adobe waliutangaza mwaka 1996. Ndani ya faili la fonti, mbali na maumbo ya herufi, kuna maagizo yenye majina ya herufi nne. "liga" huunga f na i zisigongane. "smcp" hutoa herufi kubwa fupi, zenye kimo cha herufi ndogo. "onum" na "lnum" huchagua tarakimu za kizamani au za kimo kimoja. "frac" huunda sehemu za hesabu, kama 2/3. Ziko pia seti za mitindo, kuanzia ss01 hadi ss20, ambamo mbunifu wa fonti huficha mikia na mapambo yake.

Usidhani haya ni ya Kizungu tu. Kiswahili hakina ff za kutosha kumsumbua mtu, lakini fi imejaa: safi, afisa, kufika, fisi, mfinyanzi. Kwenye fonti yenye f iliyoinamisha kichwa, kama EB Garamond, nukta ya i inagongana na f katika kila mstari wa pili kama ligatura (maungano hayo ya herufi) zimezimwa. Fonti ikiwa haina maagizo hayo, hakuna programu itakayoyabuni. Kwa hiyo kabla ya kulaumu programu, hakikisha fonti ni kamili. EB Garamond na Libertinus hupatikana bure kihalali na zina karibu kila kitu nilichotaja. Zile fonti za kukopiwa kwenye flashi, ambazo hakuna anayejua zilitoka wapi, mara nyingi zimekatwakatwa.

Word

Kila mteja anakuja na docx, kwa hiyo hata asiyeipenda Word ataishi nayo. Tangu toleo la 2010 inaweza kuamsha sehemu ya sifa hizi. Chagua maandishi, bonyeza Ctrl+D, fungua kichupo cha Advanced: utakuta ligatura, nafasi za tarakimu, umbo la tarakimu na seti za mitindo. Orodha ni fupi lakini ina kazi. Chukua tarakimu. Constantia, Candara na Corbel ni fonti zinazokuja na Windows na zinapendwa sana kwa vichwa vya barua. Zote tatu huanza na tarakimu za kizamani: 3, 4, 5, 7 na 9 zinashuka chini ya mstari, 6 na 8 zinapanda, 0, 1 na 2 zinabaki fupi. Katikati ya aya ya hadithi zinapendeza. Kwenye namba ya simu au taarifa ya mweka hazina, mstari unaonekana umelewa. Wengi hukimbilia kubadili fonti, na hakuna haja. Chagua Lining kwenye umbo na Tabular kwenye nafasi. Tarakimu zinapata kimo kimoja na upana mmoja, na safu ya michango inashuka wima, mamia chini ya mamia.

Kwa fundi wa kadi pia Word si ya kudharau. Gabriola, iliyokuja na Windows 7, ina seti kadhaa za mitindo, zinazotofautiana kwa wingi wa mikia. Ukiandika jina na kubadilisha seti moja baada ya nyingine, mteja anachagua palepale akiwa amesimama nyuma yako. Seti za juu kabisa, kwa maoni yangu, ni za jina moja tu. Ukiandika nazo mstari mzima wa mwaliko, hata mchungaji atakayefungisha ndoa hataweza kuusoma.

Inapoangukia Word ni kwenye herufi kubwa fupi, na huku hilo si jambo dogo. Biblia ya Kiswahili ya Union Version huandika jina la Mungu BWANA, kwa herufi kubwa tupu. Vijitabu vya semina na masomo ya Kwaresima hunukuu mistari hiyo kwa wingi, na ukurasa wenye BWANA nane au tisa unapiga kelele. Herufi kubwa fupi zingeutuliza bila kuondoa heshima. Word ina kitufe chake cha Small caps, ila kitufe hicho hakiiombi fonti chochote: kinachukua herufi kubwa za kawaida na kuzipunguza. Zikipunguzwa, unene wa mistari yake nao unapungua, zikakaa nyembamba kati ya maneno mazito. Kwenye skrini huoni. Kwenye karatasi ya risografu inaonekana kama wino ulikatika kila jina la Mungu lilipofika, jambo ambalo mzee wa kanisa atakuuliza.

Kuna pia suala la ligatura na kompyuta zinazobadilishana mafaili. Matoleo ya zamani ya Word huanza na ligatura zikiwa zimezimwa. Faili mpya kwenye matoleo ya karibuni huanza nazo zikiwa zimewashwa. Kwa Calibri hilo lina madhara yasiyotarajiwa, maana Calibri ina ligatura ya t na i. Baadhi ya PDF zilizotengenezwa hivyo, ukinakili maandishi yake, "katika" inatoka "kaƟka". Mwanafunzi anayetaka tasnifu yake itafutike kwenye maktaba ya mtandaoni ya chuo ajaribu jambo hilo kabla ya kuwasilisha: nakili aya moja kutoka kwenye PDF, ibandike mahali pengine, uisome.

Sasa ugeuzaji. Hapa Word ina bidii kupita kiasi, na bidii yake ilifundishwa kwa Kiingereza. Mbali na (c) na (e), inageuza 1/2 kuwa ½, 1/4 kuwa ¼ na 3/4 kuwa ¾, kisha inaishia hapo. Katiba inayosema "½ ya wajumbe wa kamati" na mstari unaofuata "2/3 ya wanachama wote" ni kazi ya Word hiyo. Theluthi haimo kwenye orodha yake. Vilevile huanza sentensi mpya kila ionapo nukta, isipokuwa kifupisho kiwe kwenye orodha ya vighairi, na orodha hiyo haijui Kiswahili. Ndiyo maana "taz. ukurasa" hugeuka "taz. Ukurasa". Ongeza taz., k.m., n.k., uk. na vingine unavyovitumia kwenye orodha ya vighairi ndani ya AutoCorrect (kisahihishaji cha Word), na ufute (c) na (e) kwenye jedwali la ubadilishaji. Ni kazi ya dakika chache. Lakini jua kwamba mipangilio hiyo hukaa kwenye kompyuta, haimo ndani ya faili. Stesheni yenye mashine nne itafanya kazi hiyo mara nne, na faili likienda kuhaririwa kwa jirani, chochote atakachokichapa jirani kitarudi na ©.

Nukuu zinastahili neno lake. Word hugeuza nukuu zilizosimama kuwa zilizopinda unapoandika, na kwa ng'ombe na ng'ambo inapatia, kwa sababu alama inakuja baada ya g. Tatizo ni maandishi yaliyobandikwa. Aya iliyotoka WhatsApp ina alama iliyosimama, aya iliyochapwa ina iliyopinda, na kuna wachapaji ambao siku zote hutumia ile alama iliyo juu ya kitufe cha Tab. Kitabu kimoja kinakuwa na ng' za aina tatu. Dawa ni rahisi: fungua kutafuta na kubadilisha, weka ' kwenye kutafuta na ' ileile kwenye kubadilisha, kisha badilisha zote. Kama ugeuzaji wa nukuu umewashwa, Word itazipinda zote upya. Ile ya juu ya Tab itafutwe peke yake.

Washairi ndio wanaoumia. Mshororo unaoanza na 'mekuja au 'sije, ambako silabi imedondoshwa ili mizani itimie, unapata alama iliyopinda kuelekea upande usio wake, kwa sababu programu inadhani umefungua nukuu. Kwenye Word bonyeza Ctrl+' kisha ' tena, utapata ile ya kufunga. Kwenye programu nyingine yoyote andika herufi moja ya bure, weka alama, rudi ufute ile herufi. Kwa diwani nzima ya mashairi ningezima ugeuzaji wa nukuu tangu mwanzo na kuzipinda kwa mkono mwishoni.

LibreOffice Writer

Watu wengi huku wanaijua LibreOffice kama Word ya asiye na leseni. Kwa sifa za fonti, hali ni kinyume: Writer inaamsha vitu ambavyo Word haiviwezi. Tangu toleo la 5.3 la mwaka 2017 hutumia HarfBuzz, injini ileile ya kupanga maumbo ya herufi iliyomo ndani ya Firefox na Android. Na tangu 6.2, mwaka 2019, dirisha la herufi lina kitufe cha Features pembeni ya jina la fonti. Ukikibonyeza unaonyeshwa kila sifa iliyomo ndani ya fonti hiyo, na visanduku vya kuweka tiki. Herufi kubwa fupi za kweli zimo. Sehemu za aina yoyote zimo: 2/3, 5/8, hata 17/24 ya mgawanyo wa shamba la urithi. BWANA ya kijitabu cha kanisa inatoka na unene sawa na maneno yanayoizunguka. Tengeneza mtindo mmoja wa herufi, uupe jina Bwana, uwekee sifa ya smcp, kisha uutumie kila mahali, ukiandika Bwana badala ya BWANA, maana smcp hubadilisha herufi ndogo tu. Mchungaji akibadilisha mawazo unabadilisha mahali pamoja.

Umaskini wake ni namna inavyohifadhi sifa hizo. Huziandika ndani ya jina la fonti, kwa nukta mbili: EB Garamond:smcp. Ukihifadhi kwa odt (aina ya faili ya LibreOffice yenyewe) na kutoa PDF, hakuna tatizo. Ukihifadhi kwa docx na kumpelekea mtu wa Word, usitegemee azione. Kuna jambo jingine la kuangalia kwenye kuhama kwa mafaili. LibreOffice huwasha ligatura na usogezaji wa jozi za herufi kama Av na To bila kuulizwa, Word za zamani haziwashi, kwa hiyo mistari haikatiki mahali palepale. Kijitabu cha kurasa 48 kilichokaa sawasawa upande mmoja kinaweza kufika 49 upande wa pili, na ukurasa wa 49 kwa mchapaji ni karatasi nzima ya ziada. Peleka PDF. Atakayesisitiza docx "ili arekebishe kidogo" ndiye atakayeharibu.

Kwa ugeuzaji, LibreOffice ina adabu zaidi. Kwenye AutoCorrect karibu kila kanuni ina visanduku viwili, kimoja kwa maandishi unayochapa sasa na kingine kwa maandishi yaliyokwishakuwepo, kwa hiyo unaweza kuizuia isikuguse unapoandika, kisha uiruhusu ipite mara moja mwishoni. Orodha za ubadilishaji na vighairi zimetenganishwa kwa lugha. Weka lugha ya hati kuwa Kiswahili cha Tanzania, na vifupisho vyako vya Kiswahili vinakuwa na kapu lake, haviingiliani na vya Kiingereza. Kamusi ya tahajia ya Kiswahili inapatikana pia, na historia yake ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani: watu wa idara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki mradi uliotoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili, mwaka 2004.

Kwa anayeanza leo na kompyuta moja, kazi zake zikiwa vijitabu, ratiba, katiba na tasnifu, chaguo langu ni LibreOffice ya kupangia na Word ya kupokelea. Sioni sababu ya kuchagua moja tu.

Publisher na PageMaker

Hizi mbili nazitaja kwa sababu ya mafaili yaliyomo madukani, si kwa kuzipendekeza. Kadi nyingi za harusi na za michango mjini zimetengenezwa kwa Publisher. Si mbaya: tangu 2010 ina ligatura, seti za mitindo na herufi zenye mikia, tena kwa vitufe vilivyo wazi kuliko vya Word. Lakini Microsoft imetangaza kuiacha mwezi Oktoba 2026, na baada ya hapo wanaoitumia kupitia Microsoft 365 hawataweza tena kufungua mafaili yao ndani yake. Mwenye mamia ya kadi za mfano za pub aanze kuyatoa kuwa PDF sasa, na yale anayoyahariri mara kwa mara ayajenge upya kwingine. LibreOffice Draw hufungua pub. Mpangilio husogea kidogo, maandishi hubaki.

PageMaker ilikoma kwenye toleo la 7, mwaka 2001. Haijui sifa za OpenType, haijui Unicode (mfumo unaoipa kila herufi ya kila lugha namba yake). Ipo bado kwenye kompyuta za wachapaji wakongwe kwa sababu inafunguka haraka na fundi anaijua akiwa amefumba macho. Kwa kitabu cha risiti, sawa. Kwa chochote kingine katika makala haya, hapana.

Programu za kupanga kurasa hasa

InDesign imekuwepo tangu 1999, na kwa mambo haya bado ndiyo kipimo. Karibu sifa zote za fonti zinaitika, na zikiandikwa ndani ya mtindo wa aya zinafuata kitabu kizima. Kinachonivutia mimi ni namna inavyoepuka vita vya ugeuzaji. Haikimbilii kubadilisha herufi zako. Nukuu ndizo huzipinda, na unaweza kukataa. Badala yake, tangu toleo la CS4, unaweza kuiambia ndani ya mtindo wa aya: kila ukutanapo na tarakimu, mkwaju (/), tarakimu, ipe sura ya sehemu. Maandishi yanabaki 2/3, karatasi inaonyesha theluthi mbili iliyoundwa vizuri, na ukinakili unapata 2/3 yako. Ugeuzaji umefanyika bila kugeuza. Ruwaza hiyo ikaribishe kwa uangalifu tu, isije ikavaa tarehe kama 1/2/2025. Ni lazima uielekeze iruke palipo na mkwaju wa pili.

Mpangilio wa mistari ya InDesign nao ni wa daraja lake. Huangalia aya nzima kabla ya kuamua mistari ikatike wapi, wazo lililotokana na TeX, programu ya kupanga kurasa ya Donald Knuth. Kwa Kiswahili chenye maneno kama "walivyokuwa wakishirikiana" kwenye safu nyembamba ya jarida la dayosisi, tofauti ni ya wazi: matundu meupe kati ya maneno hupungua.

Shida ni malipo. Hulipiwa kwa mwezi au mwaka, kwa kadi, kwa dola. Ofisi yenye mkataba wa kudumu, mathalani inayopanga jarida la chuo kila muhula, italipia bila kulia. Stesheni ya Mwanjelwa inayopata kitabu kimoja kwa mwaka haina sababu, na zile nakala zilizovunjwa zinazogawiwa kwenye flashi zinakuja na virusi vyake.

Hapo ndipo Affinity imebadilisha hesabu. Affinity Publisher ilitoka 2019 kwa kununuliwa mara moja. Canva ikainunua kampuni mwaka 2024, na Oktoba 2025 ikatoa Affinity mpya bure kwa mwenye akaunti ya Canva. Ina paneli kamili ya sifa za fonti yenye picha za kila umbo, kwa hiyo fundi wa kadi anaona mikia yote ya Gabriola kabla ya kuchagua, jambo ambalo Word haifanyi kwa uwazi huo. Ina kutafuta na kubadilisha kwa ruwaza, kwa hiyo sehemu zote za kitabu unaweza kuzipa mtindo kwa mpigo mmoja, ingawa si ule utaratibu wa InDesign wa kufanya hivyo yenyewe unapoendelea kuchapa. Hufungua mafaili ya IDML, ambayo InDesign hutoa kwa ajili ya kubadilishana. Indd, faili la kawaida la InDesign, haifungui, kwa hiyo mwombe anayehama akutolee IDML kwanza. Inahitaji Windows au Mac, na kompyuta isiyo mzee sana.

Kwa aliyekuwa akitumia Publisher ya Microsoft, njia ninayoiona ya kwenda ni Affinity. Kwa mwenye kompyuta dhaifu au anayetumia Linux, kuna Scribus, ambayo toleo lake la 1.6 lilitoka Januari 2024. Sifa za fonti inazo. Nukuu haipindi unapochapa. Kuna hati ndogo iliyoambatanishwa ya kuzipinda kwa pamoja, na baada ya kuishi na © za Word, ukimya huo ni raha. Ila Scribus ina tabia zake na itakuchosha wiki ya kwanza. CorelDRAW, kwa wenye kufanya mabango, inajua OpenType tangu X6 ya mwaka 2012, na kwa kadi ya ukurasa mmoja inatosha kabisa; usiifanyie kitabu.

Google Docs nipite haraka. Hupinda nukuu na kubadilisha baadhi ya alama, vyote vinazimika kwenye mapendeleo, lakini haina mahali pa kuchagua sifa za fonti. Ni nzuri kwa kamati ya watu sita kuandika muhtasari pamoja, halafu mmoja aupange kwingine. Na kwa wanafunzi wa uhandisi wa MUST wenye kurasa za milinganyo, LaTeX (mfumo wa kupanga kurasa kwa maagizo ya kuandika, uliojengwa juu ya TeX) kupitia XeTeX au LuaTeX ina sifa zote za fonti, na ugeuzaji wake hutokea wakati wa kutoa PDF tu: unaandika vistari viwili, karatasi inaonyesha kistari kirefu, faili lako linabaki na vistari viwili. Kujifunza kunataka subira, na msimamizi wako akidai docx ya kuandikia maoni, utakuwa umejipa kazi mara mbili.

Lugha zenye herufi za ziada

Kuna kazi moja inayopindua mapendekezo yote ya juu, nayo ni maandishi ya lugha za huku. Kinyakyusa kina irabu saba. Tahajia zinazotumika Mbeya kwa lugha zenye irabu saba, Kimalila ikiwemo, huandika irabu mbili za ziada kwa ɨ na ʉ. Kihehe kina tano lakini kina toni, na tasnifu ya isimu iliyoandikwa Mkwawa itataka alama za toni juu ya irabu. Palipo na irabu saba na toni kwa pamoja unahitaji ɨ yenye alama kichwani, na hiyo haina nafasi yake tayari katika Unicode: ni herufi mbili, ɨ kisha alama, na fonti ndiyo inayoiweka alama mahali pake na kuiondoa ile nukta. Sifa za fonti hapa zimeacha kuwa mapambo. Zisipofanya kazi, alama inaelea juu ya herufi ya jirani na neno linasomeka jingine.

Fonti za SIL, shirika linaloshughulikia lugha, ndizo zilizoandaliwa kwa hili: Charis na Gentium kwa vitabu, Andika kwa wanaoanza kusoma. Zote ni bure. Zina pia maumbo mbadala ya baadhi ya herufi, kama Ŋ kubwa, ambayo huchorwa kwa namna zaidi ya moja, na mbadala huo umehifadhiwa kwenye sifa zinazoanza na cv. Word huishia kwenye ss, cv haizioni. LibreOffice inaziona zote kwenye kitufe cha Features. Kwa kazi ya Kinyakyusa au Kihehe, kwa hiyo, LibreOffice inaipita Word bila ubishi, na PageMaker isiguswe kabisa. Ukitumia InDesign, chagua World-Ready Composer kwenye mpangilio wa aya ndipo alama za toni zikae mahali pake.

Ugeuzaji wote uzime. Programu inayodhani inasahihisha Kiingereza itafanya maajabu kwenye maandishi hayo, na msomaji wa kwanza wa rasimu mara nyingi ni wewe, usiyeijua lugha. Kisha, kabla ya kulipa malipo ya awali, mwombe mchapaji atoe ukurasa mmoja wa PDF yako wenye Ɨ, ɨ, Ʉ, ʉ na alama za toni, fonti ikiwa imepachikwa ndani, kwenye mashine ileile itakayotengeneza pleti, na mwandishi mwenyewe ausome.